Mtu Asivuke Utepe wa Majabalini

(Hotuba ya mgeni rasmi katika Shule ya Msingi Majabalini, nje kidogo ya Mkolani, siku ya kufunga shule kwa likizo ya Desemba. Imeandikwa neno kwa neno na Yeremia, Katibu wa Kamati ya Shule. Kwenye ratiba mgeni rasmi alitakiwa kufika saa tatu asubuhi. Amefika saa saba na robo. Wanafunzi wamekaa uwanjani tangu saa mbili, na kila mmoja amekunywa uji wa sherehe, vikombe viwili.)

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Shule, Mzee Shimba. Mheshimiwa Mwalimu Mkuu, Madam Celestina. Waheshimiwa walimu wa taaluma, walimu wa nidhamu, na yule mwalimu wa michezo ambaye nimedokezwa kuwa ndiye pia mwalimu wa hisabati. Waheshimiwa viongozi wa dini zetu zote, mliofika na mliotuma udhuru. Waheshimiwa wazazi, walezi, na majirani mliovutwa na harufu ya pilau. Waheshimiwa wanafunzi, ambao ni taifa la kesho na kwa sababu hiyo leo mnaweza kukaa juani. Na mimi mwenyewe, Mheshimiwa Alexander Kamugisha, Mratibu Mkuu wa Uratibu wa Miradi Shirikishi ya Shule za Msingi, ambaye kwa itifaki nalazimika kujitambua kwamba nipo: Tumsifu Yesu Kristo! (Milele, amina.) Asalaam aleikum! (Waaleikum salaam.) Bwana asifiwe! (Amina.) Wazee wangu, shikamooni! (Marahaba, kutoka kwa wazee wawili. Wa tatu amelala.)

Ndugu wananchi, kabla sijaanza kuzungumza naomba nizungumze machache. Wapo wenye ndimi ndefu watakaosema mgeni rasmi amechelewa. Sijachelewa. Kiongozi wa ngazi yangu hachelewi, bali huwapa wananchi muda wa kutosha wa kumsubiri, na katika semina niliyohudhuria mwaka jana tulifundishwa kwamba kusubiri ni sehemu ya ushirikishwaji. (Makofi, yakianzia meza kuu na kuishia meza kuu.) Kwa hiyo tangu saa mbili asubuhi ninyi mmekuwa mkishirikishwa, na nawapongeza sana.

Sasa niende kwenye mada. Hicho mnachokiona nyuma yangu, nyuma ya utepe mwekundu uliofungwa kuanzia mlingoti wa bendera mpaka kona ya darasa la tano, ni Mradi Jumuishi wa Miundombinu ya Kujisitiri, Awamu ya Kwanza, yaani kwa lugha ya mama zangu mlio huko nyuma, vyoo. (Vigelegele.) Matundu kumi na mawili! Sita ya wasichana, sita ya wavulana, milango ya bluu, kuta nyeupe kama maziwa. Mtakumbuka kwamba mwezi wa tatu tulivibomoa vyoo vya zamani ili kuupisha mradi huu. Basi tumetoka sifuri tumefika kumi na mawili, ongezeko ambalo kalkuleta ya ofisini kwangu imekataa kulitamka. Wanafunzi mia tisa sitini kwa matundu kumi na mawili ni wanafunzi themanini kwa tundu, na hao themanini wakipangwa vizuri, kwa taimteboli, kila mmoja atapata dakika zake na atazifurahia.

(Yasmin wa darasa la pili, mstari wa mbele, ananyoosha kidole. Hapa shuleni mwanafunzi anayetaka kwenda kujisaidia hunyoosha kidole akanyamaza mpaka aitwe. Tangu vyoo vibomolewe wanakwenda kwenye majabali, na njia ya majabali ndiyo iliyofungwa utepe.)

Naona binti huyu wa mbele ana swali. Swali zuri sana, mwanangu, nalijua hata kabla hujaliuliza, kwa maana mimi nilikuwa hivyohivyo nilipokuwa darasa la pili kule Kagera, sikupitwa na jambo. Maswali yatakuja mwishoni. Mkono uushushe, akili iache juu. (Yasmin haushushi mkono. Wenzake kama kumi wananyoosha vidole.)

Kwa nini vyoo, na kwa nini sasa, wakati shule inafungwa leo? Kuna watu wa kule Nyakato, wanaojifanya wachambuzi, wameniuliza hivyo. Jibu ni la kitaalamu. Fizibiliti, yaani upembuzi yakinifu, iliyofanywa na kikosi kazi changu, katika hoteli tulivu yenye kuliangalia ziwa, ilibaini kwamba choo kinachozinduliwa wakati wa likizo hudumu zaidi, kwa sababu hakina mtumiaji. (Kicheko kutoka kwa wazazi. Mgeni rasmi anatabasamu, akidhani ni shangwe.) Tunataka maendeleo endelevu, na kitu kisichotumika ndicho kinachoendelea kuwa endelevu.

(Upepo wa ziwani unavuma. Ukuta wa vyoo unajaa kama tumbo, kisha unarudi mahali pake.)

Msishtuke! Watoto, msishtuke! Hiyo ni teknolojia mpya, jengo linapumua. Majengo ya zamani yalikuwa yamekaza tu bila kupumua ndiyo maana yakapata nyufa. Ila namwomba mwalimu wa zamu asimruhusu mtu yeyote kuegemea.

Niingie kwenye habari za shule yetu, ambazo Madam Celestina ameniandikia hapa kwenye karatasi. Timu yetu ya mpira wa pete imewafunga majirani mabao ishirini na moja kwa tisa. Hilo ni tunda la uongozi wangu, maana siku ile ya mechi nilipita barabarani na kupiga honi. Bustani ya mchicha ya darasa la tano imestawi. Mvua zimenyesha kwa wakati, na nafurahi kwamba ofisi yangu haikuzizuia. Darasa la nne wamefanya mtihani wao wa taifa kwa utulivu, kwaya imeshika nafasi ya pili, na jogoo wa shule aliyepotea mwezi wa tisa amerudi kwa hiari. (Makofi marefu kwa ajili ya jogoo.) Halafu Mwalimu Mkuu anaendelea kusema, nanukuu, "Tunakuomba sana mheshimiwa, kwa heshima zote, vyoo vikamilike kweli kabla ya Januari, kwani wasichana wa madarasa ya juu wanabaki nyumbani siku zao zikifika, kwa aibu ya kwenda kwenye mawe, na wawili wamekwishaacha shule kabi—" Hapa mwandiko hausomeki. Madam, mwakani tujitahidi kwenye mwandiko. (Madam Celestina anasimama, anasema kwa sauti kwamba mwandiko unasomeka. Anaombwa akae.)

Ahsante, Madam, hisia zako tumezipokea na tutaziundia kamati.

Likizoni, wanangu, msiende kuogelea ziwani bila mtu mzima. Mnaokwenda kwa bibi na babu upande wa Magu, shikeni jembe, mpunga unataka kupaliliwa. Ripoti zenu mtapewa nikimaliza, na kumaliza nitamaliza, ila si sasa hivi. (Mikono iliyo juu sasa inakaribia mia mbili. Yasmin amesimama, amebana miguu, machozi yanamlengalenga.)

Angalieni! Angalieni hii kiu ya maarifa! Nimehutubia makongamano, nimehutubia wekishopu zenye viyoyozi, sijapata kuona hadhira iliyonyoosha mikono kwa wingi namna hii. Na kwa kuwa mikono iko juu, tusiipoteze bure: wanaoupokea mradi huu kwa moyo mkunjufu? Mmoja, kumi, hamsini, naona na walimu wawili. Katibu, andika kwamba mradi umepokewa kwa kauli moja. (Katibu anaandika, kwa sababu ndiyo kazi yake. Rohoni anaona haya.)

(Bibi Zakia, fundi cherehani, nyanya yake Yasmin, anapaza sauti: "We baba! Mtoto anataka kwenda haja!")

Bibi yangu, tuko pamoja kabisa. Anachokitaka mtoto huyo ndicho hasa mradi unachokitaka. Mimi na yeye hatuna tofauti ya kisera. Tofauti ni ya utaratibu tu. Utepe haujakatwa, na mbele ya utepe usiokatwa hakuna mkubwa wala mdogo. Kuna sababu ya mambo haya. Leo akivuka mtoto mmoja kwa haja ndogo, kesho watavuka watu wazima kwa haja kubwa, na nchi itakosa mahali pa kuanzia. Nimebakiza kurasa kumi na nne. ("Kurasa ngapi?") Kumi na nne, bibi, na zote zina takwimu.

Ukurasa wa ishirini. Kwa mujibu wa utafiti, asilimia mia moja na tatu ya watoto... Huyu bibi anakuja wapi? Mwalimu wa zamu, huyu bibi yupo kwenye ratiba? (Bibi Zakia anakwenda mpaka kwenye sinia la uzinduzi, lenye kitambaa cheupe na mkasi. Mkasi ni wake, uliazimwa kwake jana.) Bibi. Bibi, shikamoo. Weka mkasi chini, bibi yangu.

(Marahaba. Anakata utepe.)

(Anamshika Yasmin mkono, wanapita. Wanafunzi wote wanainuka kwa pamoja na kuwafuata mbio. Hakuna hata mmoja anayegusa mlango wa bluu. Wanazunguka jengo kwa kushoto, kuelekea majabali yao. Vumbi. Mwalimu wa zamu naye hayupo tena mahali alipokuwa.)

Taratibu! Msiguse ukuta! Taratibu jamani, ukuta huo!... Ehe. Ndugu wananchi mliobaki. Kama mlivyoshuhudia, kwa mamlaka niliyonayo nimemkaimisha bibi huyu kukata utepe kwa niaba yangu, katika kumwezesha mwanamke na mzee kwa tendo moja. Katibu, andika kwamba nilipanga. Na andika pia kwamba ndani ya dakika moja ya kwanza mradi umepata wanufaika mia tisa na zaidi, rekodi ambayo haijawahi kufikiwa kanda hii nzima, wote wakiwa na ari, wote wakikimbia. Ninyi mliwahi kuona wananchi wanaukimbilia mradi? Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. (Mzee wa tatu ameamka. Anauliza kama pilau tayari.)

Kwa furaha hiyo naziruka kurasa zilizobaki, na namwomba kila mtu aitikie kauli mbiu yetu kwa nguvu. Majabalini, hoyee! (Hoyee, ya watu kumi na mmoja.) Kila mtoto! (Kimya.) Mnatakiwa kujibu "na tundu lake." Kila mtoto! (Na tundu lake.) Likizo salama! (Na tundu lake.) Hapo mmejiongeza, lakini si vibaya.

Mwisho kabisa, nisiwe mtovu wa shukrani. Nawashukuru wapishi. Nawashukuru walimu kwa uvumilivu, bidhaa ambayo shule hii inayo kwa wingi. Na kwa namna ya pekee namshukuru kijana wetu Bashiru, mchora mabango wa Nyakato, simama Bashiru watu wakuone, ambaye kwa siku tatu tu, juu ya turubai la lori, ametuchorea matundu haya kumi na mawili pamoja na makomeo yake, na kivuli cha paa, na inzi mmoja kwenye mlango wa saba ambaye leo nilipofika nilijaribu kumfukuza kwa mkono wangu mwenyewe. Kipaji hicho! Wakandarasi wangetupa vyoo vya matofali, vikae hapahapa Majabalini, vijae, vizibe, vinuke. Bashiru ametupa vyoo vinavyokunjika. Jioni hii vinashushwa, vinafungwa kwa kamba, vinapakiwa nyuma ya gari langu, na kesho saa tatu asubuhi kamili navizindua kwenye shule nyingine upande wa Magu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na Mungu azidi kuibariki miradi.

(Wazazi wanaliangalia turubai.)

Madam Celestina, hebu sogea kidogo. Hii maiki imezimwa? Madam, hotuba ndefu, na nimekunywa maji ya meza kuu chupa tatu. Naomba ufunguo wa choo cha walimu. (Mwalimu Mkuu anasema kilibomolewa siku ileile na vya watoto.) Kwa agizo la nani? (Anatoa barua kwenye mkoba, anamwonyesha.) Hm. Saini hii naifahamu. Hapo jirani je? (Mwalimu Mkuu anasema majirani walishafunga mageti yao kwa kufuli mwezi wa nne, walipochoka na watoto mia tisa.) Basi, Madam, wewe... walimu wenyewe... huwa mnakwenda wapi?

(Maiki haijazimwa. Mgeni rasmi anateremka jukwaani, mkono mmoja kwenye mkanda, anatembea hatua fupifupi kupita mlango wa saba. Yasmin anarudi kutoka kwenye majabali, gauni lake kavu, amemshika bibi yake mkono. Anasimama, anamwamkia mgeni rasmi kwa adabu, shikamoo babu, na kwa kuwa mgeni rasmi haitikii wala hajui pa kuelekea, anamwonyesha kwa kidole: "Nenda lile jiwe la pili, babu. La kwanza ni la wasichana. Na kwenye la pili uwahi, kuna foleni.")