Kivuli cha Wazee Sikitaki

Jumatatu, 3 Februari
Balaa! Msimamizi kabandika tangazo mlangoni pa stoo. Jua la siku hizi si lile tulilolizoea, kwa hiyo kila mchuma nyanya aliyevuka miaka hamsini na mitano akae kibandani, kivulini, saa tano hadi saa tisa. Maji kila nusu saa. Ujira haukatwi. Wazee wakapiga makofi. Mimi nikaguna. Nina sitini na mitatu, sawa, lakini hiyo ni siri yangu na marehemu mama. Mimi, bingwa wa kuchuma, nikapepewe kama mgonjwa? Thubutu! Karani alipouliza umri nikamwambia arobaini na tisa. Akanitazama. Akaandika. Bi Chupa, mzee mwenzangu ambaye chupa ya maji haimtoki mkononi, alicheka mpaka akapaliwa.

Jumanne, 4 Februari
Habari zimemfikia mke wangu. Akauliza kama mwanetu wa kwanza, mwenye arobaini na mmoja, nilimpata nikiwa darasa la pili. Nikamwambia hajui hesabu. Chakula nikajipakulia mwenyewe. Nimenunua rangi nyeusi. Nimepaka nywele, masharubu, nyusi. Kijana huyo kiooni!

Jumatano, 5 Februari
Aibu. Saa sita jua lilikuwa limewaka kama tanuri. Jasho likatiririka, na rangi ikalifuata. Mistari myeusi mpaka kidevuni. Kreti mbili za nyanya zikarudishwa kwa madoa. Nikasema ni vumbi. Bi Chupa akapaza sauti kutoka kibandani: “We kijana, unayeyuka!”
Kibaya zaidi: yeye huanza kuchuma kukipambazuka, anapumzika, anarudi jioni. Leo kanizidi kreti tatu!

Alhamisi, 6 Februari
Nimegundua siri. Maji ndiyo yanayonichelewesha! Kwenda kuyanywa, kisha kwenda kuyatoa. Leo sinywi. Naandika haya nimejiegemeza kwenye toroli, saa saba. Kichwa kinagonga, si neno. Habari njema: jasho limekauka lenyewe! Rangi haitadondoka. Na nyanya leo zimezaa ajabu, kila moja naiona mbili. Ubingwa unarudi.

Ijumaa, 7 Februari
Niko kitandani, zahanati. Wanasema niliiamkia toroli shikamoo, nikaikaripia kwa kutoitikia, kisha nikaanguka chali. Bi Chupa ndiye aliyechomoka kivulini. Akaniburura kwa miguu hadi kibandani, akanivua shati, akanimwagia maji mwili mzima, akanipepea kwa kipande cha boksi mpaka gari likafika. Muuguzi anasema jasho kukauka juani si baraka, ni mwili umeshindwa. Robo saa zaidi, wangekuwa wanachimba. Mke wangu alilia, kisha akanitukana, kisha akalia tena.
Jioni akaja Bi Chupa. Hakucheka. Akasema mumewe alianguka hivyohivyo, shamba la mahindi, na hapakuwa na kibanda, wala tangazo, wala mtu wa kumwagia maji. Nikanywa bilauri tatu mbele yake.

Jumatano, 12 Februari
Nimerudi kazini. Karani amesahihisha umri wangu kwa kalamu nyekundu. Sikuchuma. Msimamizi kanipa cheo: mlinzi wa kivuli! Nina filimbi. Saa tano napuliza, wazee wote wanaingia kibandani, nahakikisha kila mmoja anakunywa. Nimeapa kwamba mikononi mwangu haanguki mtu.
Tatizo, ukiwa ndani ya kibanda huyaoni matuta ya mbali. Mzee mkaidi anaweza kujificha huko. Wakaidi nawajua mimi! Basi nikapanda juu ya trela, katikati ya shamba, ambako unaona kila kitu. Kazi safi! Kutoka saa tano mpaka saa nane hii, hakuna mzee hata mmoja aliye juani. Nimesimama hapa muda wote nikihakikisha.
Bi Chupa ananipungia mikono yote miwili. Nimempungia pia. Hatimaye ananiheshimu.