Wa Kumi Kwenye Kanda ya Joram

Jumapili, 6 Julai 2025

Kundi letu la simu limewaka moto leo. Linaitwa Wapenzi wa Gitaa la Kulaza. Tupo watu thelathini na mmoja, nusu wazee, nusu vichaa. Kiongozi ni mwalimu Nelson wa hapa hapa Mugumu. Ana miaka arobaini, mke anamlalamikia, na kazi yake kila likizo ni kuzunguka mkoa mzima akitafuta kanda za watu waliokufa kabla hajazaliwa. Nampenda sana.

Katuma video. Sekunde kumi na moja, haina sauti. Anasema kaipata kwa mjukuu wa padri mmoja. Sikuuliza.

Ni Joram! Joram wa Susuni! Gitaa limelala chali mapajani kama mtoto anayebadilishwa nepi, kipande cha chuma kinateleza juu ya nyuzi. Ni lile dansi la mwaka sabini na nne. Nilikuwepo. Na nyuma ya Joram kuna kiwiko. Kiwiko tu. Mwenyewe kakatwa na ukingo wa picha.

Nikaandika pale pale: kiwiko hicho ni changu.

Haikupita dakika. Tomaso, aliyehamia Ringwani na ng'ombe wake, akajibu kwamba kiwiko ni chake. Akaongeza kwamba Heche, yaani mimi, siku ile alikuwa nyuma, na nyuma ndipo mahali pake tangu asubuhi ya jando.

Mbele ya watu thelathini na mmoja!

Tomaso na mimi tulitahiriwa asubuhi moja, mwaka sitini na sita. Kwetu aliyetangulia kwa ngariba ndiye mkubwa. Anakunywa kwanza, anakula kwanza, anasalimiwa kwanza. Mimi nilitangulia. Yeye anasema katangulia yeye. Mashahidi wamekufa, ngariba kafa, hata kisu sijui kiko wapi. Miaka hamsini na tisa tunabishana.

Ndipo nikakumbuka kanda. Siku ile ya dansi kuna mtu alikuja na redio kaseti, akarekodi. Na Joram alikuwa na desturi yake. Katikati ya wimbo anasalimu watu kwa majina, wakubwa kwanza. Kila jina likitoka mdomoni mwake, gitaa linalirudia. Sio linapiga, linatamka! Akisema Ezra, nyuzi zinasema Ezra, na wewe nywele zinasimama.

Sisi wawili hatukusikia salamu zetu. Mimi nilikuwa nje natapika pombe ya mtama. Tomaso alikuwa amenishika kichwa.

Lakini kanda ipo, kwa Bhoke, mjane wa Joram. Atakayetajwa kwanza ndiye mkubwa. Nelson kakodi ukumbi Jumamosi tusikilize kila kilichopatikana. Nimeahidi kuileta. Tomaso kaandika "tutaona". Ndiyo, utaona.

Jumanne, 8 Julai 2025

Basi la asubuhi hadi Tarime, kisha bodaboda hadi Susuni. Nimefika saa sita mchana, jua limesimama, hakuna upepo. Mfukoni nina kanda ya kwaya, kwa tahadhari. Fundi redio mwenye miaka arobaini kazini hatembei mikono mitupu.

Bhoke ana miaka themanini, mgongo umenyooka kuliko wangu. Nikamwita shemeji. Akaniuliza kilichonichelewesha miaka hamsini. Nikamweleza habari ya kanda. Akacheka kidogo, kicheko kibaya, akaingia ndani akatoka na kopo la majani ya chai, kanda imo ndani.

Ng'ombe wake watatu waliokuwa wamelala kivulini wakaacha kucheua. Wote kwa pamoja. Wakageuza vichwa kulitazama kopo.

Akasema kanda haitoki nyumbani na hairudishwi mwanzo. Nikauliza kwa nini. Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayechambua maharage. Usiku wa dansi Joram alimwambia amesalimu watu kumi na mmoja. Joram mwenyewe akafa mwaka sabini na tisa. Mwaka uliofuata wakazika mzee mmoja wa kijiji. Bhoke kutoka msibani akamkumbuka mumewe, akabonyeza kanda asikie sauti yake. Joram akamtaja yule yule waliyetoka kumzika, gitaa likarudia. Akaogopa, akazima. Akazikwa wa pili. Bhoke akabonyeza. Jina lililofuata ni la marehemu huyo.

Nikamwambia shemeji, Joram alisalimu kwa ukubwa, na wakubwa hufa kwanza. Hesabu tu hiyo. Hata mimi niliyeishia darasa la nne naiona.

Akaniuliza kama namkumbuka Anold. Namkumbuka. Mdogo kuliko sisi sote, hata ndevu hana, aliingia dansini kwa kujificha. Joram alimtaja wa tatu, kwa utani. Mwaka themanini na saba Anold akapigwa na radi. Alikuwa wa tatu kuzikwa.

Sikuwa na hesabu ya hiyo.

Wamezikwa tisa. Wa tisa ni Ezra, mwezi wa tatu mwaka huu. Kila mara anabonyeza akitoka makaburini, anasikia jina moja, anazima. Hajawahi kusikiliza mbele. Wamebaki wawili. Nikamuuliza kati ya waliokuwepo siku ile ni nani bado wako hai. Akanitazama kama unavyomtazama mbuzi wa sikukuu. Akasema: wewe na Tomaso.

Kisha akaenda kuniletea uji.

Mkono wangu ulifanya kazi bila kuniuliza. Kanda ya kwaya ikaingia koponi, ya Joram ikaingia mfukoni. Ilikuwa ya baridi! Saa saba mchana, Julai, jua kali, na kile kitu cha baridi kama samaki. Bhoke akarudi na uji. Nikanywa na kusifu. Ng'ombe sasa hawatazami kopo. Wananitazama mimi.

Jumatano, 9 Julai 2025

Nimetafakari. Kutajwa wa kumi si heshima. Kutajwa wa kumi ni foleni.

Nimempigia Tomaso. Nimesalimia vizuri. Nimemwambia mura, mwanaume mwenzangu, tumezeeka, ugomvi wa nini, nimekumbuka asubuhi ile ya jando na kweli wewe ndiye uliyetangulia. Wewe ni mkubwa wangu. Na kiwiko ni chako.

 Halafu Tomaso akasema, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu azaliwe, hapana kaka yangu. Yeye pia amekumbuka. Mimi ndiye niliyetangulia. Yeye alikuwa nyuma yangu, tena anatetemeka.

Mshenzi anajua! Lazima kampigia Bhoke, naye kamweleza!

Tukabishana nusu saa nzima, kila mtu akimvika mwenzake ukubwa. Nikamwambia alikuwa jasiri. Akaniambia sikupepesa jicho. Nikamwambia yeye ndiye aliyezaliwa kwanza. Akasema mimi nina busara za mtu mkubwa. Salio lake likaisha katikati ya kunisifu, maana alishanipigia yeye mara ya pili.

Agustina, mke wangu, alikuwa anachambua mboga pembeni. Akauliza ni nani huyo ninayempenda hivyo.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Dawa nimeipata!

Kanda inasimama hapo hapo ilipoachwa na Bhoke, baada ya Ezra. Salamu ya kumi bado haijasikiwa na mtu. Kitu kisichosikiwa hakijasemwa. Basi nitasema mimi. Nitarekodi juu yake: Namsalimu Tomaso. Wa kumi atakuwa Tomaso, wa kumi na moja mimi, na Tomaso ana afya ya punda, atafika miaka mia. Sijamuua mtu. Nimepanga foleni tu.

Nimefanya kazi safi. Vile vidude vya plastiki vinavyoruhusu kurekodi vilishavunjwa, nikaziba matundu kwa karatasi. Kichwa cha redio nikasugua kwa spiriti na pamba. Nikafunga mlango wa kibanda. Nikajaribu sauti ya Joram mara saba, ile ya puani yenye mchanga. Ya saba ikatoka vizuri mno, mpaka nikageuka kuangalia nyuma.

Nikabonyeza. Nikavuta pumzi. Kutoka jikoni Agustina akapaza sauti: Heche! Uji unapoa! Mwanamke huyu hana saa. Mlango umefungwa, sauti yake isingefika kwenye kanda. Nikasema maneno yangu, nikanyamaza kidogo, nikazima. Nikairudisha pale pale ilipokuwa.

Sikusikiliza. Fundi mzuri hana haja ya kusikiliza. 

Ijumaa, 11 Julai 2025

Bhoke amepiga simu. Amesema kwaya niliyomwachia inaimba vizuri, hasa sauti ya pili.  Akasema atakuja kesho Mugumu kwenye ukumbi. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nimeanza kukohoa. Ni ile spiriti.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Naandika haraka kabla mkono haujakataa.

Ukumbi ulikuwa na watu ishirini na kitu. Mmoja katoka Sirari, anasema "poa sana" kwa kila kitu, hata alipoonyeshwa choo. Nelson kavaa tai. Kanipa shikamoo mara mbili, kwa jinsi alivyofurahi. Bhoke kakaa mbele na kopo lake tupu magotini. Tomaso kakaa karibu na mlango. Agustina naye alikuja, eti aone mume wake anavyopata sifa.

Nelson akataka kuirudisha mwanzo. Bhoke akasema hapana, piga ilipo.

Ikaanza gitaa. Hapo tu jasho likanitoka. Nilishafuta pale! Ukirekodi juu, cha chini kinakufa. Ndiyo kazi yangu, naijua kama jina langu. Lakini gitaa lilikuwepo, linateleza, linashuka kama mtu anayeteremka kisimani. Saa tisa mchana na ukumbi ukawa wa baridi. Yule wa Sirari akaacha kusema poa.

Halafu, ndani ya dansi la mwaka sabini na nne, sauti ya mke wangu: "Heche! Uji unapoa!"

Watu wakaangua kicheko. Agustina akaziba mdomo kwa khanga. Na mimi nilikuwa nimeanza kutafuta uongo wa kusema, wakati gitaa lilipojibu.

Likatamka. He. Che. La kwanza juu, la pili likateremka polepole mpaka chini kabisa, likakaa huko.

Kicheko kikakatika kama kimefungwa koki. Agustina akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi kama ile kanda.

Kisha nikajisikia mwenyewe, kwa sauti yangu ya puani, nikisema namsalimu Tomaso. Joram bandia kabisa, hata mtoto angejua. Hakuna aliyecheka sasa. Tulisubiri gitaa. Tomaso alisimama, mkono kwenye kitasa. Tukasubiri. Gitaa halikusema kitu. Lilikuwa limenyamaza kama mtu anayekutazama tu. Halafu mkwaruzo. Halafu basi.

Bhoke akainuka, akatoa kanda kwenye redio. Akaomba kalamu kwa Nelson, akairudisha mizunguko miwili, hadi kabla ya jina langu, akaipima kwa jicho. Akaiweka koponi. Nelson masikini akauliza kama anaweza kupata nakala kwa ajili ya kundi. Bhoke akasema kwamba sasa wamefika kwa Heche, na atabonyeza tena akirudi.

Nelson akauliza akirudi kutoka wapi.

 Mimi nilijua, na Tomaso alijua.

Jumapili, 13 Julai 2025

Niko kitandani. Agustina kachinja kuku bila kuombwa, na hilo ndilo limeniogopesha zaidi. Anasema hatapaza sauti tena maishani. Ananiita kwa kugonga sufuria.

Mchana akaja Tomaso, kutoka Ringwani kote huko, na kibuyu cha maziwa. Kakaa kwenye kigoda. Uso umejaa huzuni, macho yamejaa sikukuu. Akaniinamia, akasema: "Shikamoo, kaka."

Tomaso! Kwangu! Baada ya miaka hamsini na tisa!

Najua alichokuwa anafanya. Anagongelea msumari. Mkubwa hutangulia. Ilinipasa nikatae, niseme hapana, mkubwa ni wewe. Nilifungua mdomo kabisa kwa ajili hiyo.

Nikausikia ukisema marahaba.

Tamu, jamani. Ilikuwa tamu.

Alhamisi, 17 Julai 2025

Nimeamka. Nimezunguka soko lote la Mugumu. Nimewaambia wauza nyanya, mafundi cherehani, na karani mmoja wa halmashauri ambaye hakuuliza. Kati ya Tomaso na mimi, gitaa la Joram limemtamka nani? Mimi! Yeye alitajwa na likakataa hata kumwitikia! Nimeandika kwenye kundi, na kikohozi juu. Nimedai pia kiwiko.

Tomaso kawaka. Kapiga simu mara nne. Kwanza alikuwa anacheka, sasa hacheki. Anasema haiwezekani gitaa limnyamazie mbele za watu kama vile si mtu. Anasema Joram alikuwa rafiki yake zaidi. Anataka twende Susuni wote wawili, tumwibie Bhoke kanda tena, nimrekodi yeye mwenyewe, vizuri, mbele ya jina langu. Nimemwambia aje Jumatatu na betri mpya. Sitamweka mbele. Nitamweka wa kumi na mbili, aone.

Jioni Bhoke kapiga, kuuliza kikohozi kinaendeleaje. Nimemwambia kipo, kinakua. Akaguna kama mtu anayepanga safari. Nikamwomba jambo moja tu: siku akitoka kunizika, kabla hajabonyeza, aongeze sauti mpaka mwisho na amkalishe Tomaso mbele ya spika.

Nataka asikie mwenyewe nani alitangulia.