Huna Ruhusa ya Kufungua Folda Hii

Jumatatu, 3 Machi

Shajara mpya, mtu mpya. Ile ya zamani ilijaa malalamiko. Hii itajaa ushindi.

Ushindi wa kwanza nimeshautangaza jana mbele ya ukoo mzima wa mke wangu. Tulikuwa kwa baba mkwe, tumemaliza kula. Mzee akasema Jumapili ijayo anatimiza miaka themanini na hataki zawadi yoyote ila moja: amsikie marehemu mkewe. Mama mkwe katutoka mwaka wa tatu huu. Mwaka wake wa mwisho mzee alikuwa akimketisha mbele ya kompyuta kila alasiri, anamuuliza habari za maisha yake, anarekodi. Kisha kompyuta ikazima na haikuwaka tena. Sauti zote zimo humo ndani.

Nikamwona Mtaalamu anafuta miwani, tayari kufungua mdomo. Mtaalamu ni mwanyumba wangu: mimi nimemwoa mdogo mtu, yeye kamwoa dada mtu. Ni fundi wa lifti, lakini ukoo ulimpachika jina hilo siku alipotengeneza redio ya baba mkwe. Aliipiga kofi tu! Nilimwona kwa macho yangu.

Nikamuwahi. Nikasimama nikasema niachieni mimi. Baba mkwe akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Mtaalamu akatabasamu. Tabasamu lile silipendi.

Nimeipakata kompyuta njia nzima kurudi nyumbani. Nzito kama mtoto wa darasa la tatu. Mke wangu aliniuliza kama najua ninachokifanya. Nilimkumbusha kwamba nina miaka kumi na minne karani wa stoo ya mabomba. Kompyuta ni nini kama si bomba la habari?

Jumanne, 4 Machi

Haiwaki. Nimebonyeza kwa kidole, kwa gumba, kwa upole, kwa hasira. Nimeipiga kofi pia, pale pale anapopiga Mtaalamu. Mkono unauma.

Basi nikaifungua. Bisibisi nimeazima kazini. Ndani kuna vumbi la kutosha kupanda mchicha. Nilipiga chafya kumi na tatu mfululizo. Nimetoa skrubu kumi na moja. Nilizonazo mezani ni tisa.

Lakini diski nimeipata! Kibamba cha chuma, ukubwa wa daftari dogo. Kila kitu kimo humo. Muuza vifaa vya simu jirani na kazini kanipa kikasha chenye waya: unatia diski, unachomeka kwenye kompyuta nyingine, unasoma. Alitaka kunieleza zaidi. Nikamwambia hakuna haja.

Kabla ya kuchomeka niliandika kwenye kundi la familia: kazi imefika asilimia tisini. Baba mkwe akajibu kwa baraka, mistari sita. Mtaalamu akatuma kidole gumba. Kidole kikavu, bila neno.

Jumatano, 5 Machi

Nimechomeka kwenye kompyuta ya mke wangu. Yeye ni mkunga, aliinunua kwa ajili ya masomo yake ya ziada. Diski ikaunguruma, folda zikajipanga. Moja imeandikwa BABA, ndiyo ya baba mkwe. Nikabonyeza.

Kompyuta ikaandika: Huna ruhusa ya kufungua folda hii. Wasiliana na msimamizi.

Sina ruhusa! Mimi! Nyumbani kwangu, mezani kwangu, nimevaa kandambili zangu!

Nimebonyeza mara arobaini. Jibu lile lile. Nimejaribu kuinakili folda nzima. Huna ruhusa. Nimejaribu kuibadilisha jina. Huna ruhusa. Nikaizima kompyuta, nikanywa chai, nikaiwasha huku natazama pembeni kana kwamba sina haja nayo. Huna ruhusa.

Nikakaa nikafikiri. Msimamizi ni nani? Nani aliitayarisha kompyuta ya baba mkwe ilipokuwa mpya, akaweka majina na manenosiri yake?

Mtaalamu!

Nimwombe ruhusa Mtaalamu? Bora nile mchanga kwa kijiko.

Mke wangu akapita na vitabu vyake, akauliza kama anaweza kusaidia. Nikamwambia ni suala la kitaalamu sana, asijisumbue. Akaniangalia kidogo, akaenda zake.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimefanya kazi ya kijasusi. Najivunia.

Watu huchukua nenosiri kutoka kwenye maisha yao wenyewe. Kwa hiyo nimetunga dodoso. Maswali ishirini na mawili, nimeyachapa kazini wakati bosi yuko kwa daktari wa meno. Kichwa cha habari: Uchunguzi wa Kumbukumbu za Utotoni kwa Wanaume Wenye Umri wa Kati. Nikamwendea Mtaalamu alasiri. Nikamwambia duka letu la mabomba linafanya utafiti.

Akauliza duka la mabomba linatafiti kumbukumbu kwa nini. Swali hilo sikuwa nimejiandaa nalo. Nikasema ni mambo ya makao makuu.

Basi akajibu! Tena kwa raha zake. Jina la utani la utotoni: Kisigino. Namba anayoipenda: sabini na saba. Mnyama wake wa kwanza: mbuzi aitwaye Kapteni. Kwa Kapteni peke yake alichukua nusu saa. Mbuzi aliwahi kula ripoti yake ya shule, na baba yake hakuamini mpaka alipoona kona ya karatasi inaning'inia mdomoni. Nilicheka kweli. Nikasahau kidogo nilichokuja kufanya. Mtu mwenyewe akikaa bila ukoo kumtazama si mbaya sana.

Shemeji, mkewe, alileta chai akanitazama kama anayesoma kitabu kilichofunguliwa. Nilijifanya hamnazo.

Nimeondoka na majibu yote. Nenosiri limo humu mfukoni.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeketi mezani saa kumi na moja jioni, dodoso mkononi, vidole tayari. Nimebonyeza BABA. Huna ruhusa, wasiliana na msimamizi.

Sasa nenosiri naliandika wapi?

Hakuna pa kuandika! Hakuna kisanduku, hakuna mstari. Kuna kitufe kimoja tu: Sawa. Nimebonyeza Sawa ingawa hakuna kilicho sawa. Nikaandika Kapteni hewani, kwenye kibodi, bila kuona herufi yoyote. Nikaandika Kisigino77. Diski ikaendelea kuunguruma kwa dharau.

Wakati huo huo sauti ya baba mkwe ikaingia kwenye simu, kwenye kundi. Amemwalika seremala jirani, amewaalika wazee wenzake wanne aliokuwa nao kiwanda cha uchapaji, na amehamisha kiti cha mama mkwe kutoka chumbani kukiweka sebuleni. Akasema, nanukuu: "Mkwe wangu ameniambia asilimia tisini. Hizo kumi zilizobaki namwachia Mungu."

Maji yamenifika shingoni. Nilikaa kitandani na viatu vyangu. Nilimwona akilini mzee na kiti kile.

Ikabidi nibuni mpango wa dharura. Mama mkwe namkumbuka vizuri: sauti nyembamba, maneno ya haraka, kila sentensi inamalizika na "unasikia lakini?" Nikaingia bafuni, nikafunga mlango, nikafungulia maji, nikajizoeza. Mwanangu, unasikia lakini? Nimeolewa nikiwa na miaka ishirini na mmoja, unasikia lakini?

Mke wangu akagonga, akauliza kama naumwa.

Nikasema koo tu.

Akauliza kwa nini koo langu linaongea kama mama yake.

Nilifunga maji. Mpango huo nimeufuta. Nina aibu, na kwenye shajara mtu asidanganye.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ndefu. Niandike kwa mpangilio.

Saa nne asubuhi, hodi! Mtaalamu mlangoni, bila taarifa. Amekuja kuongeza jibu kwenye dodoso: amekumbuka Kapteni alifia wapi na anadhani makao makuu watapenda kujua. Diski iko mezani, waya umening'inia, kioo kinaandika huna ruhusa kwa herufi kubwa. Nikatupa koti juu ya vyote. Diski ikaendelea kuunguruma chini ya koti. Nikakohoa ili kuifunika. Mtu hawezi kukohoa kwa dakika kumi.

Mtaalamu akainua koti kwa vidole viwili, akasoma. Nilisubiri acheke, ukoo mzima usikie.

Hakucheka. Akasema, "Tangu ulipoandika asilimia tisini nasubiri unipigie, ndugu yangu."

Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema nilisimama mbele ya watu nikataka niachiwe, akaona vibaya kunipokonya. Kisha macho yake yakatua kwenye dodoso, akatazama kioo, akatazama dodoso tena.

"Kumbe Kapteni ulimtaka kwa ajili ya nenosiri?"

Nikakubali. Ningefanya nini?

"Hata ungelipata lisingekusaidia. Nenosiri langu lilikuwa mlango wa ile kompyuta, na ile imekufa. Hii iliyowaka ndiyo inayokukatalia. Inamtaka msimamizi wake yenyewe. Hapa msimamizi nani?"

"Mimi," mke wangu akajibu. Alikuwa nyuma ya rundo la nguo anakunja mashuka. Yuko pale pale tangu mwanzo.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu alipoinunua, na akanikumbusha wiki ile niliyofuta mafaili niliyoyaona hayana maana, kompyuta ikakataa kuchapa mwezi mzima, akaniwekea mlango wangu mdogo wa kuingilia. Hakuniambia kwa kuwa hakutaka niumie.

"Jumatano nilikuuliza nisaidie," akasema. "Ulinijibu nini?"

Sikukumbuka. Au tuseme sikutaka kukumbuka.

Akavuta kiti. Mtaalamu akamwelekeza: bonyeza hapa, chagua sifa za folda, badilisha mmiliki, weka jina lako. Akaandika nenosiri lake. Mstari wa kijani ukatembea polepole. Tulisimama wote watatu tumeinama kama tunaotazama chungu. Dakika nne! Siku tano za maisha yangu, dakika nne.

BABA ikafunguka. Rekodi arobaini na moja.

Mke wangu akabonyeza ya kwanza ili tuhakikishe. Kelele za kiti, kikohozi, kisha mama mkwe akauliza hiki kidude kinawaka au kimezima, unasikia lakini?

Mke wangu akakaa chini sakafuni, mashuka mapajani. Hakulia. Alikuwa anatabasamu huku ameziba mdomo. Mtaalamu akavua miwani akaifuta, na safari hii ilikuwa na sababu ya kufutwa. Mimi nilikwenda kuangalia kama mlango umefungwa. Nilikaa huko mlangoni kidogo.

Tumenakili kila kitu mahali pawili. Mtaalamu alikula nasi mchana. Alisimulia mwisho wa Kapteni. Inasikitisha kuliko nilivyotarajia.

Jumapili, 9 Machi

Miaka themanini ya baba mkwe. Wazee wa uchapaji wote wanne walifika, seremala naye, kiti cha mama mkwe katikati ya sebule na spika juu yake.

Mke wangu alifungulia rekodi ya saba. Mama mkwe anasimulia siku ya kwanza mzee alipokuja kwao kuposa: alivyofunga vifungo vya shati vibaya, upande mmoja mrefu, upande mmoja mfupi, na hakuna mtu aliyethubutu kumwambia mpaka alipomaliza hotuba yake yote. "Nikasema huyu hawezi kuachwa peke yake, unasikia lakini?" Kisha akacheka. Kicheko kirefu, kinapanda kama mtu anayepanda ngazi.

Baba mkwe aliinamisha kichwa akatazama shati lake. Akapapasa vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho. Akasema, "Rudisha hapo kwenye kicheko." Tukarudisha. Akasema tena. Tukarudisha mara tano. Mara ya sita akacheka pamoja naye, wakamaliza pamoja.

Baadaye akataka kujua nani wa kumshukuru. Nikasimama. Mke wangu akanivuta shati kwa nyuma. Nikasema "sisi," na niliwataja mke wangu na Mtaalamu kwa sauti inayosikika. Mkono wangu ulikuwa kifuani kwangu wakati nasema, lakini ulikuwa umejiendea wenyewe.

Mzee alitukumbatia wote watatu kwa mpigo. Miwani ya Mtaalamu ilinichoma sikio.

Siku njema. Naandika hapa nisije nikasahau: mtu asiyejua aulize. Nimepigia mstari mara mbili.

Jumanne, 11 Machi

Habari zimeenea! Leo kanijia mshonaji wa mtaa wa pili, rafiki wa mke wangu. Kompyuta yake imebeba vipimo vya wateja wake wote, na haimruhusu kuvifungua. Alisikia kwa seremala kwamba mkwe fulani ni hodari wa mambo hayo.

Nikamwambia kwangu hiyo ni kazi ya kawaida. Nimemwahidi Ijumaa.

Mke wangu alikuwa anapita, akauliza kama tumpigie Mtaalamu. Nikasema kumsumbua mtu wa lifti kwa jambo dogo kama hili si uungwana.

Kaniachia kompyuta, nimeiwasha. Inamtaka msimamizi. Safari hii nimekwepa kosa la wiki iliyopita, nimeuliza kwanza: msimamizi ni msaidizi wake wa zamani, ambaye waligombana, akaondoka akafungua duka lake ng'ambo ya barabara. Kumpigia simu tu na kumuuliza kungeharibu kila kitu.

Kwa hiyo kesho naingia dukani kwake kama mteja. Nataka suti. Ataandika vipimo vyangu kwenye kompyuta yake mpya, nami nitakuwa nimesimama nyuma ya bega lake, natazama vidole. Watu hawabadilishi nenosiri wanapohama.

Nimeshaanza mazoezi ya kuvuta tumbo ndani. Naweza kulishikilia mpaka thelathini.