Maji ya Kuazima

Jumatatu, 3 Agosti

Tangi limefika! La kioo, refu kuliko kochi. Wabebaji wamelibamiza mlangoni mara mbili na mimi nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Sasa liko sebuleni, pale palipokuwa na kabati la vyombo. Kabati liko koridoni. Mke wangu hasemi nami.

Sababu naiandika hapa tu. Jumamosi mjukuu wetu anakuja, na mwanangu ameamua kwamba safari hii mtoto achague mwenyewe likizo akae kwa babu yupi. Babu wa pili, yaani baba yake mkamwana wangu, anafuga sungura. Mimi humwita Mzee Sungura, ingawa si mbele yake. Likizo iliyopita mtoto alikwenda kwake kutembea tu, akakaa mpaka shule zikafunguliwa. Aliporudi aliniamkia huku ameng'ang'ania gauni la mama yake, utadhani mimi ni daktari wa sindano. Sina kijicho. Usingizi tu ndio sipati.

Kwenye simu aliniambia anapenda samaki wa rangi ya chungwa, yule mwenye mistari myeupe. Huyo anataka maji ya chumvi. Basi, maji ya chumvi!

Dada mwenye duka la samaki wa mapambo ameniuzia tangi, pampu, mawe na chumvi yake maalumu. Samaki amekataa katakata kuniuzia. Eti maji mapya lazima yakae wiki kadhaa yakomae, mpaka vijidudu visivyoonekana vizaliane humo, vile vinavyomaliza sumu ya uchafu wa samaki. Nimemwambia nina miaka sabini na moja, hayo ya wiki kadhaa akawaambie vijana. Amecheka. Amesema nikiona yako tayari nimpelekee sampuli kwenye chupa aipime. Ikiwa safi, atanipa samaki.

Jumanne, 4 Agosti

Maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Mke wangu amevunja ukimya: ameuliza kama hao samaki watakuja na ndimu zao. Kisha amecheka peke yake jikoni, kwa muda mrefu kuliko kichekesho chenyewe.

Nimeongeza kasi ya pampu. Wapi! Nikakaa mbele ya kioo nikitazama maji matupu, nikawaza. Kitu kisichoonekana, unajuaje kama kimeshakuja? Na mtoto je? Unajuaje siku aliyoanza kukupenda? Hakuna mtu anayekuita uje uone.

Simu ikalia. Mzee Sungura. Sungura wake amezaa watoto sita. Sita! Na alinieleza kwa upole, bila kujigamba hata kidogo. Upole wake ndio unaoniua.

Jumatano, 5 Agosti

Leo nimefanya jambo. Akili haizeeki!

Nimekwenda dukani na kichupa kitupu mfukoni. Dada alikuwa anamhudumia mteja mwingine. Nikajisogeza kwenye tangi lake kubwa, lile la maonyesho, nikajifanya navutiwa na matumbawe, nikazamisha mkono. Chupa ikajaa mara moja. Mkono wa shati umelowa mpaka kiwikoni, nikauficha nyuma kama askari aliyesimama gwaride.

Zamu yangu ilipofika nikampa maji yake mwenyewe, nikasema ni yangu. Akatia matone, akatikisa, akatazama rangi, akatazama tena. Akasema hajawahi kuona maji mapya yakawa safi namna hii. Akaniuliza siri yangu ni nini. Nikamwambia ni subira.

Alinishauri nianze na samaki mmoja. Nikachukua watano, wawili wakiwa wale wa chungwa. Akaniambia nizidishe uangalifu. Nikamkumbusha kwamba maji yangu amekwishayasifu mwenyewe.

Alhamisi, 6 Agosti

Jamani, uzuri! Wale wa chungwa wanatembea pamoja, mmoja mbele, mwenzake nyuma, kama mtu na mkewe watokao sokoni. Mke wangu alipita na ufagio, akasimama, akauweka ufagio chini, akakaa kando yangu. Kisha akasema mtoto atafurahi. Akasema na mimi nionekane nimefurahi, maana nikiwa na hofu hukunja uso na mtoto hajui kwamba ni hofu. Miaka yote hiyo nilidhani nina uso wa busara!

Jioni mmoja wa chungwa alikuwa juu kabisa, anafungua na kufumba mdomo. Nimeamua kwamba anasalimia.

Ijumaa, 7 Agosti

Hakuwa anasalimia.

Asubuhi wote watano walikuwa juu, wanahema. Mke wangu akataka kujua nimewafanya nini, na nikamwambia yote, hata habari ya shati. Akasema niende dukani sasa hivi nikaseme kweli. Nikaenda, ila nikiwa na mpango bora zaidi: ningelalamika kwamba ameniuzia samaki wagonjwa.

Dada akaomba sampuli. Safari hii nilikuwa nayo ya kweli. Akatia matone, na maji yakageuka kijani kibichi, kijani cha kutisha. Kisha akauliza maji safi vile yameharibikaje kwa siku mbili. Nikaanza habari ya joto. Akauliza tena, taratibu, kama Jumatano nilikuwa nimelowa kwa sababu ya joto. Kumbe aliona! Alidhani mzee amechezea maji tu, akaona haya kunisema.

Nimeumbuka. Hakunifokea. Alisema samaki hao wanavuta sumu ya uchafu wao wenyewe, na humo ndani hakuna wa kuiondoa, kwa sababu wa kuiondoa hawajazaliwa. Akasema nikimbie, niwalete wote.

Nilikimbia kweli, na magoti haya. Watatu nimewafikisha kwake kwenye ndoo wakiwa hai, atawatunza mpaka maji yangu yakomae. Wale wa chungwa sikuwawahi. Wa kwanza alikuwa amekufa nilipoingia. Wa pili alikufia mkononi mwangu. Sikujua kwamba samaki ana uzito mdogo kiasi kile.

Tumewazika chini ya dirisha la jikoni. Mke wangu alishika koleo. Nilimngoja acheke, hakucheka.

Jumamosi, 8 Agosti

Asubuhi na mapema nikakata samaki wa karatasi, nikawapaka rangi ya chungwa, nikawabandika nyuma ya kioo. Ukitazama kutoka mlangoni, ukikodoa macho kidogo, wanaogelea.

Mtoto aliletwa na Mzee Sungura mwenyewe. Akaingia, akasema shikamoo, akalitazama tangi mara moja tu na kutangaza kwamba hawa ni wa karatasi. Kisha akauliza wa kweli wako wapi. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba wamesafiri. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na nikakumbuka uso wangu. Nikamwambia wamekufa. Nikamwambia babu aliwaingiza kabla nyumba yao haijawa tayari, kabla vijidudu vya kuisafisha havijazaliwa, kwa haraka ya kumfurahisha yeye. Akauliza kama waliumia. Nikasema ndiyo.

Akalia. Mzee Sungura akamfungulia mikono, na mimi nikasema moyoni, haya, kwisha habari yangu. Lakini mtoto hakumwendea. Alikuja kusimama kando yangu, pua kwenye kioo, kamasi zikachora ukungu. Akauliza vijidudu vitazaliwa lini. Nikasema sijui, vinakuja polepole. Akasema sungura wamekwishazaliwa tayari, vijidudu bado. Anataka kukaa hapa avingoje.

Akanishika kidole. Akaniapisha kwamba sitatia samaki tena mpaka dada wa dukani aseme, na yeye awepo. Nikaapa. Sauti ilinikatika katikati ya kiapo, ikabidi nianze upya.

Jumapili, 9 Agosti

Siku njema kuliko zote. Tumekaa mbele ya maji matupu mimi na mjukuu wangu, tumekula mkate hapo hapo, amelala akiegemea mbavu zangu. Kila mara aliponiuliza kama vimekuja nilimwambia bado, na kila mara alifurahi.

Mchana Mzee Sungura akapiga simu. Naye ameagiza tangi! Kubwa kuliko langu! Akaniomba ushauri kwa ule upole wake: maji yakae muda gani kabla ya samaki? Nilimweleza kila kitu kwa ufasaha, vijidudu, sumu, sampuli. Nilimwambia asithubutu kuharakisha, wiki kadhaa, mimi nimeona kwa macho yangu. Akanishukuru sana.

Kwa hiyo nina wiki kadhaa za kumtangulia. Mtaa wa nyuma ya stesheni kuna duka jingine la samaki, nimeuliza, na huko hawadai sampuli. Mtoto anaogeshwa na bibi yake. Nimeshavaa viatu.