Kigelegele Changu Kwenye Mkutano wa Wasomi

Mwaka huu tunakula chapati siku ambayo wala si Krismasi. Mafuta ya kula yamejaa dukani, unapimiwa hata kijiko kimoja. Ule ugali wa yanga, wa unga wa njano wa msaada, tuliokuwa tunaupangia foleni, wajukuu wakisimuliwa wanadhani tunatunga. Basi katika mwaka huu wa shibe, mimi mwenzenu leo nimeumbuka.

Nawaandikia ninyi tuliolima pamoja Mshangano, maana najua habari zitafika huko kabla ya jua kuzama, tena zimetiwa chumvi. Afadhali mzipate kwangu. (Mwandiko ni wangu mwenyewe, msiucheke. Darasa la pili la masista ndilo hili.)

Mnamjua Prisca, mjukuu wangu niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Amemaliza chuo kikuu Dar es Salaam. Amesoma sosholojia. Nilimuuliza, "Hiyo ndiyo nini?" Akasema, "Bibi, ni kuchunguza watu wanavyoishi. Nani anaelewana na nani, nani hana kitu, na kwa nini hana."

Nikamwambia, "Huo si ndio umbea? Serikali imekusomesha umbea miaka yote hiyo, na mimi hapa naufanya bure?"

Nacheka, lakini si jambo la kucheka. Zamani mtu akitoka chuo kikuu serikali inampangia kazi, hata mkoba hajaushusha. Siku hizi wanawapunguza hata waliopo. Mtoto amerudi na cheti chake, anauza maandazi barazani kwangu hapa Msamala. Wateja wakiwepo anatabasamu. Wakiondoka anakaa analitazama karai kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Kumbe wana chama chao. Chama cha taifa zima cha hao watu wa sosholojia, na mwaka huu mkutano wameuleta Songea. Prisca akanieleza kwamba leo ni zamu ya habari na nafasi. Kwanza zinasomwa habari za wanachama, nani kaoa, nani kapanda cheo. Halafu zinatajwa nafasi za kazi zilizopatikana, na majina ya waliochaguliwa. Mkoa wetu una nafasi moja tu. Ni ya kuzunguka vijiji vya Tunduru, Mbesa na huko kwingine, kuwauliza wakulima wanaishije tangu matajiri binafsi waanze kununua mazao. Kazi ya mshahara! Na walioiomba si yeye peke yake.

"Nakuja," nikasema.

"Bibi, ni mkutano wa wanachama."

"Na mwanachama ametoka wapi? Ameokotwa?"

Akanitazama, akaona hanishindi. "Haya, njoo. Lakini nakuomba Bibi yangu, ukae kimya. Mle ndani kuna maprofesa."

"Mimi sikai kimya mtoto wangu akiitwa."

"Bibi!"

"Nimeshasema."

Nikavaa kitenge changu cha Pasaka. Nikachukua na khanga mpya, ya kumtandikia mtoto apite juu yake akiitwa. Pale mlangoni dada mmoja akaniamkia vizuri tu, "Shikamoo bibi. Wewe ni mwanachama?"

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemzaa mwanachama." (Nilimzaa mama yake. Lakini mlangoni si mahali pa kueleza ukoo.)

Nikakaa kiti cha nyuma kabisa. Mbele, mezani, alikuwa mwenyekiti, baba mmoja wa Dar mwenye miwani minene. Akaanza kusema. Akasema. Akaendelea kusema. Sauti yake laini kama uji wa mgonjwa. Nami niliamka na jogoo wa kwanza kukanda unga wa maandazi...

Nikalala. Jamani, nililala! Kinywa wazi, wasomi wa taifa zima wamenizunguka.

Nilipofumbua macho, ukumbi wote umesimama. Wote! Mimi nimewaona watu wakisimama kwa Askofu. Nimewaona wakisimama maharusi wakiingia. Watu wote wakisimama, kuna mtu anapewa heshima. Nikanyoosha shingo. Kule mbele nikamwona Prisca wangu amesimama, kichwa amekiinamisha kama bi harusi.

Nikasema moyoni, tayari. Ameitwa.

Lakini ukumbi kimya. Hakuna makofi. Hakuna hata wa kukohoa. Nikakasirika. Mtoto wa watu ametoka kwenye karai la maandazi, Mungu kamkumbuka, na ninyi mmesimama kama miti ya uzio? Wivu gani huu!

Nikajaza kifua. Nikapiga kigelegele.

Mnakijua kigelegele changu. Ni kile cha harusi ya Kunigunda, kilichomfanya ng'ombe wa mahari akate kamba akakimbilia mtoni. Basi ndicho hicho. Nikaingia katikati ya viti, khanga napunga, kiuno nakizungusha (mgonjwa wa mgongo mimi), napiga kelele, "Asante Mungu! Leo zamu yetu! Tumeliomba jambo hili asubuhi na jioni, na leo limetokea!"

Watu wananigeukia. Macho yamewatoka. Mimi nikajua wanafurahi.

"Chezeni jamani! Mbona mmenuna? Habari kama hii mnainunia?"

Nikafika mbele. Nikatandika khanga sakafuni. Ndipo Prisca akanishika mkono, mkono wake baridi. Akaninong'oneza, "Bibi. Kuna mwanachama amefariki. Tunamkumbuka."

Nikamwambia kwa sauti (bado nahema), "Amefariki? Mbona hakuna anayelia?"

Nawauliza ninyi, ningejuaje? Sisi mtu wetu akifa tunamlilia mpaka majirani wa bonde la pili wanakuja na kuni na unga. Nani amewahi kumwona mtu akililiwa kwa kunyamaziwa? Kumbe wasomi ndivyo wanavyolia. Wanasimama, wanafunga mdomo, wakimaliza wanakaa.

Nikatazama mbele. Juu ya meza kuna picha ya mzee mmoja na maua. Na kwenye kiti cha kwanza, mwanaume mwenye sura ile ile ya kwenye picha, kitambaa mkononi. Ndugu yake. Ndiye niliyemtandikia khanga miguuni. Ndiye niliyemwambia acheze.

Ningeombwa nigeuke siafu nipenye kwenye ufa wa sakafu, ningekubali.

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huyu mama amekuja na nani?"

Mezani kwake kuna kalamu, nikaona anaishika. Nikajua basi, anamfuta mtoto. Kazi imekwenda, na mimi ndiye niliyeifukuza kwa mdomo wangu. Nikawahi, "Sina mtu hapa, baba. Mimi nimepotea tu. Nilikuwa naelekea sokoni."

(Na khanga nimetandika!)

"Ni bibi yangu," Prisca akasema. Mbele ya maprofesa wote. "Ndiye aliyenilea. Alidhani mmesimama kwa ajili yangu."

Nikatamani kulia. Nikakumbuka kwamba hapa hawalii.

Yule ndugu wa marehemu akainuka polepole. Nikainama nisubiri kutukanwa. Akauliza, "Mama, wewe ni kabila gani?"

"Mngoni, baba. Nisamehe."

"Mimi naitwa Kalinga. Natoka Iringa."

Mhehe! Watani wetu Wangoni, tunaotaniana nao hata msibani. Nikainua kichwa. Naye uso wake ulikuwa unapigana na kicheko, na kicheko kikashinda. Akawageukia wenzake. "Tumemzika kaka yangu bila mtani hata mmoja. Watu wamekuja na suti zao, wamesimama kimya, wameondoka. Nikajiuliza Wangoni wote wameishia wapi, mbona hakuna wa kutuharibia msiba? Kumbe amechelewa tu! Wewe Mngoni, ulikuwa wapi? Ulikuwa unaokota kumbikumbi?"

Jamani, mtani akikuchokoza hunyamazi, hata kama umekufa kwa aibu. Nikamjibu, "Nilikuwa namfungia mbwa wangu ndani asiliwe. Niliambiwa Wahehe wameingia mjini."

Ukumbi ukapasuka! Maprofesa wakashika mbavu. Bwana Kalinga akacheka mpaka akakaa, na alipokaa machozi yakamtoka, sasa ya kweli. Nikamshika bega, nikalia naye. Tukalia kwa sauti, kama watu. Na wengine kule nyuma nikawasikia wakifuata.

Tulipotulia akajifuta uso. "Lakini faini iko pale pale, Mngoni. Umemchezea kaka yangu."

"Nitoze, mtani."

"Faini ni huo mdomo wako. Utakaa hapa karibu yangu, na usiufungue mpaka mkutano uishe."

Nikakubali mara moja. Kwa hali yangu ile ilikuwa ni zawadi. Nikaokota khanga, nikakaa, nikajisokomezea pindo mdomoni ili nisijisahau. Prisca akarudi kwenye kiti chake. Hanitazami. Mwenyekiti akashika karatasi zake, akaanza zile nafasi. Mwanza, fulani. Dodoma, fulani. Sauti ile ile ya uji, lakini safari hii hakuna usingizi.

"Ruvuma," akasema. Akanitazama juu ya miwani yake.

"Prisca Komba."

Mtoto akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika. Ukumbi mzima haukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Bwana Kalinga akaninyooshea kidole. "Faini, Mngoni! Faini!"

Nikalitoa pindo la khanga mdomoni. Nikasimama.

"Mimi sikai kimya mtoto wangu akiitwa."