Muchezo Wangu wa Matunda Imeniaibisha mu Chapelle

Bamama, leo nimeaibika mubaya sana. Naandika na simu ya mutoto wangu Kavira. Yangu nimeizima, mutaelewa ju ya nini.

Munajua Kavira alikuwa anarudia huku Butembo leo, anatoka Beni, na mutoto mugongoni. Ile barabara munaijua. Jana tu batu balisikia masasi ya bunduki kule. Basi asubuhi tukakusanyika ku chapelle, tumefunga, hata chai hapana. Kama kawaida yetu, simu ya mama mwenye mutoto iko njiani tunaiweka ku meza katikati, sauti juu kabisa, mpaka mutoto apige aseme: nimefika. Leo ilikuwa zamu ya simu yangu.

Sasa kuko kitu moja. (Mungu anisamehe.) Mu ile simu nilikuwa na muchezo wa matunda. Ndimu, tikiti, cerises. Unafinya, inazunguka, tatu zikifanana inakupa nyota. Mimi nauzaka maracuja na avoka ku soko. Niliona matunda, nikasema huu ni wangu. Inatulizaka roho wakati habari ni mubaya. Hata mama pasteur nilimuwekea. ("Mama, ni matunda tu.")

Na munakumbuka mimi njo mama wa nidhamu. Mimi njo nilisema ku kikao Papa Kambale, chauffeur wa taxi, atoke kwanza mu chorale, ju anachezaka pari, anawekaka pesa ku mipira.

Shida ya ule muchezo ni mise à jour, kila mara inataka kujigeuza mupya. Ukikataa, haifunguke. Ukikubali, inakula bamega ya internet, kisha inaomba ingine. Leo nilinunua forfait, bamega kidogo, ju ya Kavira tu, maana anapigaka kwa internet. Ikaomba tena! Maneno marefu ya Kifaransa, cours du soir yangu, yale masomo ya mangaribi, haikufika pale. Nikafinya Oui, iniache.

Tukaanza kuomba. Macho yote imefungwa. Niko nalia mbele ya Mungu, namuambia tunangoja sauti moja tu. Simu ikatoa sauti.

Tarumbeta. Ngoma. Pesa ya chuma inamwangika. Kisha sauti ya mwanamuke, tamu kama asali, inatukaribisha ku kamari, tuweke pesa: "Bienvenue au casino, ma star! Misez!"

Mama moja kule nyuma, macho bado imefungwa, akaitika: "Amina! Amefika!" Bengine bakapiga mikono.

Nikafungua macho. Matunda yangu haiko. Kuko dada mwenye nguo haimutoshe, anazungusha roue, ile gurudumu ya bahati. Nafinya kufunga, inasema ningoje, mise à jour haiyaisha. Nafinya tena, inanipa zawadi, inanishangilia! Nikafunga simu mu kitambaa ya kichwa, nikaikalia. Ikaendelea kuimba chini yangu.

Kisha nikakumbuka bamega. Imekwisha yote. Donc hata Kavira apige, hatanipata. Hata kama kuko mubaya kule njiani, sitajua. Pale haya ikatoka, woga ikaingia. Nikaanza kuomba upya, na ile ngoma inanipigia chini.

Mama pasteur akaniinamia polepole: "Mama Kavira, na yangu iko hivi?" Akaitoa mu sakoshi, akaifungua. Dada ni yule yule.

Mulango ikafunguka. Papa Kambale. Nyuma yake Kavira, mutoto mugongoni, vumbi mpaka ku kope. Taxi yake njo ilibaleta. Kavira akasema: "Mama, napiga, napiga, simu haipite."

Nikaruka kumukumbatia, nalia machozi ya kweli. Nikasahau kiti. Ku kiti, yule dada: "Misez!"

Papa Kambale akaangalia kiti. Akaangalia simu ya mama pasteur.

"Mama wa nidhamu, mais ile ni casino. Hata mimi naogopaka ile."

Mama pasteur akakohoa, akamuuliza kama siku ya Mungu, ku ibada, atarudia mu chorale kuimba basse, ile sauti nzito.

"Kama bamama ba casino banakubali," akajibu.

Bamama ba chapelle! Bakacheka mpaka kufunga ikakatika.

Kavira amekula, amelala, Mungu asifiwe. Muchezo nimeutoa. Mbele itoke mu simu, iliniuliza naiacha ju ya nini. Nikaandika: matunda imeoza.

Bale bengine niliwekea ule muchezo (munajijua), tafazali, mukatae mise à jour. Na musicheke, bado niko mama wa nidhamu.