Kuandikishwa Shule kwa Sababu ya Amina

Kwa Mchungaji Hollis,
Kanisa letu la Cutter Creek, Arkansas.

Mpendwa katika Bwana,

Nakusalimu kwa unyenyekevu, ingawa mimi si mtu wa kunyenyekea ovyo, wewe mwenyewe wanijua. Naandika nikiwa na akili timamu na tumbo tupu. Nakuomba umwamuru dada yangu Lavonne aifunge shule aliyoifungua Jumatatu jikoni mwake, wanawe wakapande basi la manjano waende shule ya serikali kama watoto wa Wakristo wengine. Sababu zangu ni hizi:

1. Nimeandikishwa bila ridhaa. Kila asubuhi hutoka kwenye trela langu ninamoishi nyuma ya nyumba yake, nikaenda kwake kunywa kahawa. Jumatatu nikawakuta wameinamisha vichwa, Lavonne anauombea mwaka mpya wa masomo. Nikavua kofia. Alipomaliza nikaitikia "Amina" kwa sauti yangu hii, iliyowahi kupasua dirisha kule Tulsa. Mpwa wangu Tirza, wa miaka mitano, akaruka: "Mama! Mjomba kasema Amina! Naye kaanza shule!"

Nikacheka. Lavonne hakucheka. "Humu ndani, kaka, anayeitikia sala ya kufungua ni mwanafunzi. Haya, kaa."

Mchungaji, ningeikanaje Amina?

2. Nimepigwa picha. Desturi yao ni kila mtoto kusimama barazani siku ya kwanza na kibao chenye jina na darasa lake. Changu kilisema: "Mjomba Delmar, Chekechea." Mimi! Niliyefika darasa la nane, na ningemaliza, ila mwalimu mkuu alinisihi niwaachie wenzangu elimu kidogo. Picha imetumwa kwa kina mama wote wa kanisa. Mkeo alijibu kwa alama ya moyo. Simlaumu.

3. Sipewi kahawa mpaka nikariri aya. Mikate midogo ya moto na mchuzi wa soseji viko jikoni, naviona, na mimi nimesimama na Zaburi ya ishirini na tatu kama mshtakiwa. Daudi huyo huyo alipoona njaa alipewa mikate mitakatifu akala, wala kuhani hakumwambia akariri kwanza.

4. Hili ndilo lililoniuma. Nilijitolea kufundisha historia. Nikawaeleza habari za yule kambare niliyemvua katika mto White River, mkubwa hata nilipomtoa maji yakashuka, Wabaptisti wa ng'ambo wakakosa pa kubatizia. Mika, wa miaka saba, akainua mkono. "Mjomba, hii ni kama ya Yona, au ni kama ile ya dubu uliyemfundisha kuendesha trekta?"

Nikamwambia ni kama ya Yona.

"Basi iko kitabu gani?"

Mama yake akageukia sinki, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mchungaji, mwaka jana watoto hawa walikuwa wananiamini neno kwa neno. Wakishajua kusoma vizuri, mimi nitabaki na kazi gani katika ukoo huu? Mjomba asiyeaminika ni shemasi asiye na kanisa.

Usiponisaidia, nahamia kwa Wamethodisti, na sauti yangu ya besi naondoka nayo. Kwaya mtaona wenyewe.

Msalimie mkeo, wanakwaya wote, na Shemasi Purvis, umwambie ngazi yake haijambo, bado naitumia.

Ndimi ndugu yako katika Kristo na katika njaa,
Delmar Stroud

Nyongeza: Usije kumkanya Lavonne kabla ya Ijumaa. Siku hiyo ni zamu yangu kusimama mbele ya darasa na Zaburi nzima. Tirza huja jioni kwenye ngazi za trela kunisikiliza, na tukifika bonde la uvuli wa mauti hunishika kidole, eti hapo ndipo mjomba huogopa. Baada ya Ijumaa pia usije, tunaanza Zaburi nyingine. Na watu wa basi wakikuuliza njia ya huku kwetu, waambie daraja limechukuliwa na maji. Mimi nitakuwa shahidi.